Sura ya Saba: Saratani Inaporudi

Mwanamke wa Elburgon aliyewahi kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi anaijua barabara ya Njoro kama anavyolijua shamba lake. Ameipita alfajiri, ukungu wa Mau ukiwa bado umelalia viazi, akiwahi foleni ya Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Ikiwa alitibiwa kabla Nakuru haijapata mashine ya mionzi, anayajua pia mabenchi ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, maana kwa miaka mingi wagonjwa wa nchi nzima wasioweza kulipia hospitali za kibinafsi walikutana hapo. Alikaa Nairobi kwa jamaa wiki tano na zaidi. Alichomwa kwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa mpaka zikatimia mara 25, akatiwa dripu ya dawa mara moja kwa wiki pale figo na damu ziliporuhusu, kisha akafanyiwa mionzi ya ndani. Alipomaliza alirudi nyumbani, akapanda viazi, akaketi tena na wenzake wa chama, akaanza kunawiri.

Kisha mguu mmoja ukavimba, mmoja tu. Au maumivu yakamshika kiunoni yakashuka hadi pajani, yasiondoke hata siku asiyoinama shambani. Au damu iliyokuwa imekatika ikaonekana tena baada ya kukutana na mumewe. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza baada ya matibabu, wakati majirani wameshazoea kumwona mzima, na yeye mwenyewe ameanza kuruka tarehe za kliniki kwa sababu nauli ina kazi nyingine.

Sura zilizotangulia zilimhusu anayepewa habari kwa mara ya kwanza. Hii ni ya anayepewa kwa mara ya pili, na ya dada zake wenye saratani ya mifuko ya mayai au ya mji wa mimba. Mara ya kwanza, mengi huamuliwa na ugonjwa wenyewe: daktari anapima umefika hatua gani, anasema njia ni hii, na mgonjwa anaifuata. Mara ya pili njia ni nyingi, na baadhi yake haziendi kwenye kupona. Nitasema mapema ninachoamini, kisha nikieleze kwa urefu. Karibu kila mara ipo dawa nyingine ya kujaribu. Kwa hiyo swali la kama dawa ipo halimsaidii mtu sana. Linalomsaidia ni hili: dawa hiyo inakwenda kunifanyia nini mimi, na nitailipia kwa siku ngapi za maisha yangu? Na anayepaswa kulijibu wa kwanza ni mgonjwa, kabla ya mume, kabla ya kaka zake, kabla ya kamati ya harambee.

Kabla ya hayo yote, ihakikishwe kwamba kweli imerudi. Mionzi huacha makovu. Kibofu kilichopitiwa na mionzi kinaweza kutoa damu miaka kadhaa baadaye, na utumbo wa mwisho vivyo hivyo, pasipo saratani yoyote. Ugumu anaougusa daktari ndani ya nyonga unaweza kuwa kovu tu. Kivuli kwenye mapafu, katika nchi kama yetu, kinaweza kuwa kifua kikuu, na kifua kikuu kinatibika. Ndiyo maana kipande cha nyama hukatwa tena na kupelekwa maabara pale panapofikika. Familia nyingi huiona biopsi ya pili kama kumtesa mgonjwa bure, na wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na kisu inatawanyika. Biopsi ya mlango wa kizazi haitawanyi ugonjwa. Maamuzi yote yanayofuata, yakiwemo yale ya kuuza mali, yanaitegemea karatasi hiyo ya maabara, na ni afadhali kuingojea wiki mbili kuliko kuanza dripu kwa kukisia.

Karatasi ikithibitisha, kinachotazamwa ni mahali ugonjwa ulipo na matibabu ambayo mwili umeshapokea. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji peke yake mara ya kwanza, na ugonjwa ukarudi ndani ya nyonga tu, bado ana mionzi ambayo hajaitumia. Kwake yeye mionzi pamoja na dawa hutolewa kwa nia ya kuponya, na kuna wanaopona. Vivyo hivyo kwa aliyetolewa mji wa mimba kwa saratani, kisha ugonjwa ukatokea juu ya uke naye hajawahi kuchomwa; nafasi yake ni nzuri, na asikubali mtu yeyote amwambie ni mapenzi ya Mungu akae nyumbani.

Kwa aliyekwisha kuchomwa, nyonga haiwezi kupokea mionzi kamili mara ya pili. Hapo, ikiwa ugonjwa uko katikati ya nyonga tu, haujashika ukuta wa pembeni wala haujaenda mbali, unabaki upasuaji mmoja mkubwa. Mwaka 1948 daktari Alexander Brunschwig wa New York alieleza jinsi alivyoondoa kwa pamoja viungo vya ndani ya nyonga: kibofu, viungo vya uzazi, na utumbo wa mwisho. Kati ya wagonjwa wake 22 wa kwanza, watano walikufa kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Leo vifo vya upasuaji huo vimepungua sana, na kwa wanawake waliochaguliwa kwa uangalifu, theluthi hadi nusu huwa bado hai baada ya miaka mitano. Hiyo si idadi ndogo. Lakini anayetoka salama anaishi na mfuko wa choo tumboni, na mara nyingi wa mkojo pia, huku uke ukiwa umeondolewa. Anahitaji mifuko hiyo mwezi baada ya mwezi, maji safi nyumbani, na mtu wa kumsaidia kuibadilisha mikono yake ikichoka. Upasuaji wenyewe unataka timu ya wapasuaji kadhaa na wodi ya wagonjwa mahututi, kwa hiyo ni jambo la hospitali kubwa kama zile za Nairobi na Eldoret.

Mwanamke mwenye umri wa miaka 38 na watoto wadogo anaweza kusema, nipeni, nitaibeba mifuko. Mwingine wa umri uleule, mwenye watoto kama hao, anaweza kusema hapana. Ninawaheshimu wote wawili, na sidhani yupo mtu wa nje anayeweza kuwapangia. Ninachopinga ni mwanamke kutoambiwa kabisa kwamba njia hiyo ipo, kwa kuwa mtu fulani ameshaamua kwamba mkulima wa Mau hawezi kuimudu. Pia yafaa ajue kinachoifunga. Mguu uliovimba, maumivu yanayoshuka pajani na figo iliyoziba, vikiwa pamoja, kwa kawaida vinaonyesha kwamba ugonjwa umeshika ukuta wa nyonga, na upasuaji hautaweza kuutoa wote. Daktari akikataa kupasua kwa sababu hiyo, hajamtupa mgonjwa.

Wengine wote, nao ndio wengi, huanguka katika kundi la tatu: ugonjwa umerudi mahali ambapo kisu na mionzi haviwezi kuumaliza. Hapa ndipo dawa za dripu, ambazo watu huziita kemo, hutajwa, na hapa ndipo pana hatari kubwa ya kutoelewana. Daktari anasema, "Tutakuanzishia dawa." Mgonjwa anasikia, "Utapona." Wote wawili wamesema kweli kadiri walivyoelewa, na miezi sita baadaye familia inajiona imedanganywa.

Nitatoa mfano wa utafiti mmoja ambao kila familia ingefaa kuuelewa kabla ya kusaini fomu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 264 waliokuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi, iliyosambaa au isiyokoma. Nusu walipewa sisplatini peke yake, nusu sisplatini pamoja na paklitakseli. Kwa waliopewa dawa moja, uvimbe ulipungua kwa asilimia 19 yao. Kwa waliopewa mbili, kwa asilimia 36, karibu maradufu. Ukiishia hapo utasema dawa mbili ni bora zaidi bila ubishi. Lakini walipohesabu muda wa kuishi, muda wa kati ulikuwa miezi 8.8 kwa kundi la kwanza na 9.7 kwa kundi la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutofautishwa na bahati. Uvimbe kupungua na mtu kuishi zaidi ni mambo mawili. Kupungua kwa uvimbe kuna faida yake, maana kunaweza kupunguza maumivu, damu na mguu kuvimba, na mimi sidharau wiki kumi za kulala usiku bila kuugua. Ila mgonjwa aambiwe kwamba hicho ndicho kinachotafutwa.

Muda wa kati nao ueleweke vizuri. Ukiwa miezi tisa, maana yake nusu ya wanawake walikufa kabla ya hapo na nusu waliishi zaidi, wengine zaidi sana. Si tarehe ya mtu yeyote. Baadaye dawa ziliongezeka. Mwaka 2014 utafiti wa wanawake 452 ulionyesha kwamba kuongeza bevasizumabu kulisogeza muda huo kutoka miezi 13.3 hadi 17, ingawa wanawake zaidi walipata tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, hasa waliokuwa wamechomwa nyonga. Mwaka 2021 utafiti mwingine uliongeza pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, na kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una alama inayotafutwa maabara, waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 53, dhidi ya 41.7 kwa wale ambao hawakuipata. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ni kweli pia kwamba dozi chache za pembrolizumabu zinaweza kumaliza bima yote ya mwaka ya familia.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, uliza hivi: "Daktari, dawa hii ni ya kuniponya, ni ya kuniongezea muda, au ni ya kunipunguzia maumivu? Kati ya wanawake kumi walio kama mimi, wangapi itawasaidia? Itanilaza siku ngapi? Na nisipoitumia, mtanifanyia nini?" Hilo la mwisho lisiachwe, kwa sababu jibu lake si "hatutakufanyia lolote," na daktari anayejibu hivyo anastahili kuulizwa zaidi. Hati ya haki za wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 inampa Mkenya haki ya kuelezwa ugonjwa wake, ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, na ya kukataa matibabu. Kuomba maoni ya pili si utovu wa adabu. Ukiwa umetibiwa Nakuru, faili lako linaweza kusomwa Eldoret katika hospitali ya Moi, au Nairobi, na linaweza kusafiri kabla yako. Omba nakala ya kila kitu: majibu ya maabara, idadi na kiasi cha mionzi, majina ya dawa na tarehe, picha za skani. Daktari wa pili asipojua nyonga yako ilipokea mionzi kiasi gani, ushauri wake utakuwa wa kubahatisha.

Saratani ya mifuko ya mayai ina desturi zake. Ikiwa iligunduliwa imeshatapakaa tumboni, kama inavyokuwa kwa wengi, hurudi mara nyingi, na kinachotazamwa sana ni muda uliopita tangu dozi ya mwisho ya dawa za kundi la platini, kama kaboplatini. Ukipita zaidi ya miezi sita, uwezekano ni mzuri kwamba dawa zilezile zitafanya kazi tena. Ugonjwa ukirudi mapema kuliko hapo, dawa nyingine hujaribiwa, na wanaopata nafuu kubwa ni wachache.

Wanawake hawa pia hupimwa damu kutafuta kipimo kiitwacho CA-125, na namba hiyo huja kutawala maisha yao. Ikipanda kutoka 20 hadi 60, nyumba nzima hailali, ingawa mwenyewe anakula, anatembea, anakwenda ibada. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza na nchi nyingine kwa wanawake 529 ambao namba ilikuwa imepanda bila dalili yoyote. Nusu walianzishiwa dawa mara moja. Nusu waliachwa mpaka dalili zilipotokea. Waliowahi walianza karibu miezi mitano kabla ya wenzao, na hawakuishi zaidi: muda wa kati ulikuwa miezi 25.7 kwao, na 27.1 kwa waliosubiri. Walichopata cha ziada ni dawa nyingi zaidi na kudhoofika mapema. Kwa mwanamke ambaye kila dozi inamgharimu safari ya Nakuru na siku tano za kichefuchefu, habari hiyo ni muhimu mno. Miezi mitano ya kuvuna viazi bila kulala kitandani ni miezi mitano. Pale ambapo upasuaji wa pili unafikiriwa, au dawa mpya zaidi zinapatikana, daktari anaweza kuwa na sababu ya kutosubiri, na aieleze. Tumbo likianza kujaa maji au chakula kikikataa kupita, hapo hakuna kusubiri tena.

Sasa twende sebuleni, kwa kuwa uamuzi huu hufanywa huko kuliko kwenye kliniki. Kikao kimeitwa. Kaka wa mgonjwa wametoka Molo na Njoro, shemeji amesafiri kutoka Nairobi, mchungaji amefungua kwa maombi, na kikundi cha WhatsApp cha harambee kimeshaundwa. Mtu mmoja anasema India. Mwingine anasema, "Mama, tutauza ekari moja, usiwe na wasiwasi." Wote wanampenda. Naye amekaa pembeni amejifunika shuka, na hajaulizwa.

Elburgon ni mji wa mbao. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mishahara mingi ilikatika, na marufuku hayo yalidumu hadi 2023. Familia nyingi za hapa zilibaki na shamba dogo tu, na wengine shamba hilo walilipata kwa shida au walirudi kwalo baada ya machafuko ya 1992 na ya 2008 kuwafukuza. Mama anajua ekari hiyo ni nini kwa watoto wake. Kuna wanawake wanaokubali dawa ili wasiwavunje moyo wanao, na kuna wanaoikataa ili shamba lisiuzwe, na katika hali zote mbili hakuna aliyesikia wanachotaka. Anayeongoza kikao angeanza kwa kumgeukia mgonjwa na kumuuliza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, anaogopa nini zaidi, na angependa miezi ijayo iwe ya namna gani. Kisha wanyamaze, hata kama jibu litachukua muda.

Kuhusu India, sipingi safari yenye sababu. Ikiwa kuna upasuaji maalum ambao umekosekana hapa, na daktari wa huko amesoma faili na kusema kwa maandishi atafanya nini na kwa matumaini gani, hiyo ni safari. Lakini mara nyingi kinachotolewa huko ni kaboplatini na paklitakseli zilezile zinazotolewa Nakuru, na hata picha ya PET siku hizi inapigwa Nairobi. Julai 29, 2019, Gavana wa Bomet, Joyce Laboso, alifariki Nairobi kwa saratani, muda mfupi baada ya kutibiwa Uingereza na India. Alikuwa na uwezo wa kufika kokote. Nyanda za kusini mwa Bonde la Ufa zilimlilia, na wengi wetu tulielewa wakati ule kwamba umbali wa hospitali hauongezi nguvu za dawa.

Bima nayo ihesabiwe kabla ya dozi ya kwanza. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilipangwa kuwa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi hicho cha kwanza kikiisha. Jumla ilikuwa 550,000, na ilikuwa kwa nyumba nzima, si kwa mtu mmoja. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hiyo uliza ofisi ya bima ya hospitali kimebaki kiasi gani na mwaka wako unaanza mwezi gani. Mjasiriamali mdogo au mkulima hulipa mchango wake wa mwaka kwa mkupuo, na aliyechelewa hugundua dirishani, siku ya dripu. Kumaliza kiwango chote mwezi wa nne kwa dawa isiyosaidia sana, kisha kukosa cha kulipia skani au mionzi ya kuzuia damu mwezi wa nane, ni jambo linaloweza kuzuiwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Ninakuja kwa jambo ambalo wanawake huliona aibu kulitaja: harufu. Uvimbe kwenye mlango wa kizazi ukioza hutoa uchafu wenye harufu kali, na harufu hiyo humfungia mwanamke ndani kuliko maumivu. Haendi kanisani. Hapandi matatu. Anakaa nje kwenye baridi ya Elburgon ili nyumba isinuke. Dawa yake ipo, nayo ni ya bei nafuu: metronidazoli, ile ile inayotumiwa kwa amiba, kwa kumeza au vidonge vilivyosagwa kuwekwa ukeni kwa maelekezo ya daktari au sista. Siku chache zinatosha kuleta mabadiliko. Damu inayotoka kwa wingi inaweza kuzuiwa kwa kitambaa maalum hospitalini, kwa vidonge vya kugandisha, na mara nyingi kwa dozi moja tu ya mionzi hata kwa aliyewahi kuchomwa, kwa kuwa kiwango chake ni kidogo. Safari moja ya Nakuru, siku moja. Hakuna mwanamke anayepaswa kuvumilia haya kwa kudhani ndivyo ugonjwa ulivyo.

Maumivu vivyo hivyo. Mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa nne, ndiyo nguzo ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpa mgonjwa nafuu pale ugonjwa wenyewe usipoondoka. Dakta Anne Merriman alifanya kazi Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, kisha akaenda Uganda na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na huko mofini ya maji iliyochanganywa kutoka kwenye unga ikafika hadi vijijini. Kufikia 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Kwetu bado kuna familia zinazoificha chupa kabatini kwa kuogopa mgonjwa atageuka teja. Anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, hageuki teja, na mofini haimharakishii kifo. Inafunga choo, basi itolewe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Nakuru ina hospisi yake, na ningependa mwanamke ajiandikishe huko wiki ile ile anayoambiwa saratani imerudi, awe ameamua kuendelea na dripu au la. Watu wengi hulisikia neno hilo wakadhani ni mahali pa kwenda kufia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, madaktari wa Boston waliwagawa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa katika makundi mawili: wengine walipata matibabu ya kawaida, wengine matibabu hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na huzuni kidogo kuliko la kwanza, likapewa dawa kali chache zaidi mwishoni, na bado likaishi muda wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni saratani tofauti na nchi tofauti, lakini utafiti huo unavunja ile hofu kwamba kupokea nafuu ni kukata tamaa.

Kuna uamuzi mmoja mgumu kuliko yote, na mara nyingi unafika usiku, kwenye wodi, bila maandalizi. Saratani inaweza kubana mirija inayotoka kwenye figo. Mkojo unapungua, mgonjwa anasinzia, anatapika. Daktari anaweza kuingiza mrija mgongoni hadi kwenye figo ili mkojo utoke kwenye mfuko. Ikiwa bado kuna matibabu yenye faida mbele, mrija huo unaweza kuyafungulia njia. Ikiwa hakuna, unaweza kurefusha wakati ambao maumivu na damu vinazidi, na utahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, na unaweza kuingia usaha. Kifo cha figo kushindwa, mgonjwa akitunzwa vizuri, mara nyingi huwa cha usingizi. Haya yazungumzwe mchana, wiki au miezi kabla, ili mume aliyeitwa saa nane usiku asilazimike kuamua peke yake kitu ambacho mkewe alikuwa na maoni juu yake.

Waganga wa mitishamba na asali ya msitu watatajwa, na sioni faida ya kugombana nao. Ninachoomba ni daktari aambiwe, kwa sababu majani mengine huumiza figo na ini, na sisplatini inaihitaji figo nzima. Mchungaji anayemwombea mgonjwa anamsaidia. Anayemwambia aache mofini ili aonyeshe imani anamwongezea maumivu, na wazee wa kanisa wana wajibu wa kumkataza.

Watoto waambiwe. Mtoto wa miaka tisa ameshaona mama hapiki, ameshasikia minong'ono, na huenda ameshajilaumu. Maneno machache yanatosha: ugonjwa wa mama umerudi, si kosa lako, hauambukizi kwa kukaa naye, shangazi atakupeleka shule. Mume naye aambiwe yake. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV ambavyo karibu kila mtu mzima hukutana navyo; si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211. Hao ni wake za watu na mama za watu, na shutuma chumbani haikumponya hata mmoja.

Uamuzi ukishafanywa, uandikwe na uwekwe kwenye faili la kliniki: dawa gani, kwa lengo gani, na itapimwa lini. Kwa kawaida baada ya mizunguko miwili au mitatu ya siku 21 skani hurudiwa. Ikiwa uvimbe umekua licha ya dawa, kuendelea nayo ni kulipa bila kupokea. Ikiwa umepungua lakini vidole vimekufa ganzi hata hawezi kumenya kiazi, kipimo kinaweza kupunguzwa au kupumzishwa. Aliyeikataa dawa mwezi wa tatu anaweza kuiomba mwezi wa tano, mwili ukiruhusu, na aliyeianza anaweza kuiacha baada ya mzunguko wa kwanza bila kumwomba mtu msamaha. Vyovyote atakavyochagua, kliniki ya Nakuru impe tarehe yake nyingine, na mtu wa nyumbani aijue, na nauli ya siku hiyo iwekwe kando mapema.